Neno Lililombakia Baba

Kiharusi kilipompiga baba kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote aliyokuwa nayo, Kiswahili, Kikuyu na kile Kiingereza chake cha kusomea magazeti. Kilimwachia neno moja tu. Neno lenyewe ni zunguka.

Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu hutazama chini. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilicheka siku ya pili pale wodini, muuguzi alipomuuliza jina lake naye akajibu kwa heshima zake zote, "Zunguka." Nilicheka mpaka nikaombwa nitoke nje, na huko nje kicheko kikageuka kuwa kitu kingine ambacho sina haja ya kukieleza.

Neno hilo halikutoka hewani. Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha kwenye shule moja ya ghorofa ya tatu katikati ya mji, juu ya maduka ya vitambaa, na kazi yake kubwa haikuwa ndani ya gari. Ilikuwa mezani. Aliyepata leseni hapa kwetu anaujua ule ubao: mji mzima umechorwa juu ya meza, barabara nyeusi, mistari nyeupe, reli, kivuko cha watu, na katikati mzunguko wa barabara wenye njia nne za kutokea. Mwanafunzi husimama mbele ya ubao, hushika kigari cha kuchezea na kukisukuma kwa vidole huku akitaja kwa sauti kila anachofanya. Natazama kulia. Nampisha mwenye haki. Naingia. Utawaona watu wazima na mvi zao wakisukuma vigari na jasho likiwatoka, kwa sababu ukishindwa na ubao siku ya mtihani hakuna atakayekuketisha kwenye gari la kweli.

Na wengi hushindwa palepale kwenye mzunguko. Wakishaingia wanasahau njia yao ya kutokea, wanaipita, halafu wanagutuka na kusimamisha kigari katikati, au wanaanza kurudi kinyumenyume. Hapo baba alikuwa akigonga ubao kwa kalamu yake na kusema, "Zunguka." Hakulisema kwa ukali. Maana yake ilikuwa umeikosa njia, sawa, usisimame, usirudi nyuma, endelea tu, itakuja tena. Mimi na dadangu tulijifunza kwenye ubao huohuo. Mimi niliambiwa neno hilo mara nyingi kuliko yeye, jambo ambalo hakosi kulitaja kwenye sherehe.

Siku aliyoanguka alikuwa akimfundisha mama mmoja muuza nguo. Yule mama alitusimulia mwenyewe pale hospitalini, bado ameshika kigari mkononi bila kujua. Alikuwa ameipita njia yake, mwalimu akasema zunguka, akasema tena zunguka, ya tatu ikatoka nusu, kalamu ikaanguka na mwalimu akaifuata.

Mtaalamu wa usemi, mwanamke mpole mwenye miwani, alituita kando mimi na dadangu.

"Si yeye anachagua hiyo neno," alisema. "Anataka kusema maji, inatoka hiyo. Anataka kuita mmoja wenu, inatoka hiyo. Ndani vitu bado ziko, lakini mlango umebaki moja."

"Tukiongea anatuelewa?" dadangu akauliza.

"Kiasi gani, siwezi kuapa. Na msiamini akitingisha kichwa. Ndiyo na hapana zake zimechanganyika."

Nilimjaribu adhuhuri hiyohiyo. Nikamuuliza kama yeye ni askofu, akaitikia. Nikamuuliza kama mimi ni binti yake, akakataa. Halafu akanitazama, macho yamejaa machozi ya hasira, kama mtu anayesingiziwa na kichwa chake mwenyewe. Tangu hapo sikuwahi kuamini kwamba baba hayupo. Wengine waliamini hivyo, lakini hawakuyaona macho yale.

Tukamleta nyumbani Waithaka, kwenye kiwanja alichorithi kwa babu, nami nikaacha kazi. Nilikuwa msusi kwenye saluni ya mtaa wa Spring Valley, na kiti changu kando ya dirisha, na wateja ambao hawakukubali kuguswa kichwa na mtu mwingine. Dadangu ameolewa mtaa wa Karen, ana mume, ana watoto, ana mikutano. Mimi sikuwa na hayo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema nitamtunza mimi, na nilisema upesi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Zamani nilidhani upesi ule ulikuwa upendo mtupu.

Wiki za kwanza zilikuwa za aibu. Muuguzi alituonya kwamba mgonjwa wa kulala asipogeuzwa kila baada ya saa mbili atatoka vidonda. Sasa baba akisema zunguka, sisi tulielewa nini? Tulimgeuza. Akisema tena, tunamgeuza upande wa pili. Tulimgeuza yule mzee kama chapati kikaangoni, yeye akipaza sauti, sisi tukiongeza bidii, mpaka siku moja dadangu akapita karibu na kitanda na glasi yake ya maji, baba akainyakua kwa mkono wa kushoto na kuinywa yote bila kupumua. Alikuwa na kiu. Kumbe alikuwa na kiu siku zote hizo, na sisi tunashindana kumpindua.

Nikanunua daftari la shule. Nilijiambia, kama limebaki neno moja, basi nitalijua neno hilo kuliko mtu yeyote duniani. Niliandika kila mara alipolitamka: saa ngapi, alikuwa akitazama wapi, sauti ilipanda au ilishuka, lilifuatiwa na nini. Zunguka fupi, iliyokatwa mwishoni, ilikuwa maji. Ile ya kuvuta, iliyokaa kwenye "ngu" kwa muda, ilikuwa choo, na hiyo hukuwa na nafasi ya kuifikiria. Ile ya puani ilikuwa dharau, nayo aliitumia sana wanasiasa wakiongea redioni. Ilikuwepo moja ya saa kumi kila siku, nyororo, yenye kuomba, nikaandika: chai. Nikampa chai saa kumi kila siku, na alipokunywa nilijisifu.

Ndiyo, nilijisifu. Wageni wakija walinigeukia mimi. "Anasemaje?" Nami ningewaeleza baba anasemaje, mguu juu ya mguu, kama mkalimani wa balozi. Sikuwahi kuwa mtu wa maana hivyo maishani mwangu.

Kuna siku akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Walikuwa kama kumi na wawili, vitambaa vyeupe kichwani. Mwenyekiti wao, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliomba mpaka mabati yakaitika, na alipofika mwisho akamwomba Mungu aseme anataka wafanye nini juu ya mgonjwa huyu. Kukawa kimya. Ndani ya kimya hicho baba akatamka, wazi kabisa, "Zunguka."

Sikuwahi kuona watu wakisimama kwa pamoja namna ile. Mwenyekiti alisema ni Yeriko. Ukuta umejengwa juu ya ulimi wa mzee na utaangushwa kama kuta za Yeriko zilivyoangushwa, kwa kuzungukwa siku saba. Nilijaribu kuwaeleza kwamba ile ilikuwa zunguka fupi, mzee alitaka maji. Hawakunisikia. Wakatoka, wakaizunguka nyumba wakiimba, na kesho yake wakarudi, na kesho kutwa. Siku ya saba waliizunguka mara saba. Mboga yangu yote ya sukuma wiki, niliyoipanda kando ya ukuta, ikakanyagwa ikalala chini. Mimi nilikuwa jikoni, nimenuna, na bado ule mzunguko wa saba nilijikuta nimekuja mpaka mlango wa chumba cha baba, nimeshika fremu kwa mikono miwili. Walipopaza sauti ya mwisho nilimtazama mdomo. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa naamini.

Akasema zunguka. Ile ya puani.

Nililia siku hiyo kuliko siku aliyoanguka. Akina mama waliondoka mmoja mmoja, mwenyekiti akaniambia imani yangu ni ndogo, nikamwambia alipe sukuma wiki yangu. Sijivunii hilo.

Kufikia mwezi wa tano tangu aanguke nilikuwa nimechoka kiasi cha kusahau kuchana nywele, mimi ambaye nilichana za wengine. Mgongo ulikuwa umekwisha kwa kumnyanyua. Kuna siku nilimwogesha na kumvalisha bila kumsemesha hata kidogo, na nilipogundua niliketi sakafuni nikaomba msamaha kwa miguu yake. Dadangu alikuja Jumamosi moja, akanitazama, akatazama vikombe vilivyojaa karai, akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Kuna nyumba ya wazee huku Karen," alisema. "Dakika kumi kutoka kwangu. Wako na manesi, wako na watu wa mazoezi, wako na bustani. Wamesema wako na kitanda. Nitasimamia kila kitu."

"Baba hatoki hapa."

"Wewe ndio unasema ama ni yeye?"

"Mimi namwelewa. Hataki."

"Aki mdogo wangu, mzee amebaki na neno moja. Unasoma kitu haiko. Mimi naogopa nitakuja siku moja nipate nyinyi wawili mmelala sakafu." Sauti yake ilikuwa imelainika, na hiyo iliniudhi kuliko angenigombeza. "Nipe sababu moja. Nionyeshe amesema hataki, na sitataja tena hiyo maneno."

Alinipa wiki mbili. Kitanda hakingengoja zaidi ya hapo.

Basi likawa hilo. Nilihitaji baba aseme, mbele ya dadangu, kwamba anabaki. Kichwa chake hakiaminiki, ulimi wake una neno moja. Nilimkalisha mbele ya picha zilizokatwa kwenye magazeti, akazisukuma. Nilimpa kalamu mkono wa kushoto, akachora mduara, akachora mwingine juu yake, mpaka karatasi ikatoboka. Nilimpigia yule mtaalamu wa miwani, akaniambia nijaribu kitu ambacho mkono wake unakijua bila kufikiri. Nikakata simu, nikaenda kuvaa viatu.

Shule ya udereva ilikuwa palepale, ghorofa ya tatu. Walikuwa wameweka ubao mpya, ule wa zamani ukaegemezwa ukutani nyuma ya mlango wa choo, mistari imefutika mahali ambapo vidole vya watu vimepita mara nyingi. Mwenye shule alimkumbuka baba kwa machozi na akaniambia nibebe tu. Vigari vya ziada alinipa viwili, chekundu na cha buluu. Nilikodi pikapu kuufikisha nyumbani.

Niliulaza juu ya meza ya kulia, nikamsogeza baba na kiti chake cha magurudumu. Akautazama muda mrefu. Nilidhani ataukataa kama picha. Halafu mkono wa kushoto ukapanda taratibu, ukashika kigari chekundu, ukakisukuma mpaka kwenye makutano. Hapo akasimama. Akageuza kichwa kulia, kichwa kilekile kisichoaminika, akangoja gari ambalo halikuwepo lipite, kisha akaingia. "Zunguka," akasema, na sauti ilikuwa ya kazini, ile niliyoisikia nikiwa na miaka kumi na tisa na jasho mikononi. Akatokea njia ya tatu bila kugusa mstari.

Niliweka mikono mdomoni. Kwa miezi mitano nilikuwa nimebisha mlango ambao si wake.

Wiki iliyofuata tuliongea, sina neno lingine. Niliweka vitu kwenye pembe za ubao: kifuniko cha chupa kilikuwa maji, harage lilikuwa chakula, kipande cha sabuni kuoga, naye alikiendesha kigari mpaka kwenye anachotaka. Chekundu kilikuwa yeye. Cha buluu kilikuwa mimi, na hilo si mimi niliyelipanga, ni yeye aliyekishika asubuhi moja akakileta karibu na chekundu kisha akaninyooshea kidole. Alipokuwa na maumivu aligonganisha vigari. Alipotaka tunyamaze pamoja aliviegesha sambamba, akaegemea nyuma, akafumba macho.

Ndipo nilipojua pia kuhusu chai. Saa kumi ilifika, akasema ile yake nyororo, nami nikaweka kikombe kwenye ubao nione. Hakukiendea. Alipeleka kigari ukingoni kabisa, penye lango lililochorwa la kivuko cha reli, akasimama hapo. Nikamsogeza mpaka langoni kwetu, nikalifungua. Watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, wengine wakimpungia mkono na kumsalimu, "Mwalimu, sasa?" Alikaa hapo akiwatazama hadi jua lilipopungua, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Miezi mitano alikuwa akiomba kuona watu, na mimi nilikuwa nikimnywesha chai. Daftari nililitia kwenye moto wa jiko kabla usiku haujafika. Lakini hata aibu hiyo ilikuwa na furaha ndani, kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi. Nikampigia dadangu nikamwambia aje Jumamosi.

Alikuja mchana, na keki. Nilimweka kochini upande wa pili wa meza, nikamwonyesha kwanza mambo madogo. Baba alikwenda kwenye maji akanywa. Alikwenda kwenye harage, nikampa kipande cha keki. Alipogeuza kichwa kulia pale kwenye makutano, dadangu alishika shavu lake. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa." Akaanza kulia bila sauti, vipodozi vikashuka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona hivyo.

Kisha nikaondoa vitu vyote, nikaweka viwili tu. Kiberiti upande wa mashariki wa ubao. "Baba, hii ni hapa nyumbani." Kifuniko cha sufuria upande wa magharibi. "Hii ni ile nyumba ya Karen, yenye manesi, karibu na dada. Unataka kukaa wapi? Usiharakishe."

Aliingia kwenye mzunguko. Akaipita njia ya kiberiti. Akaipita ya kifuniko. Akaipita tena ya kiberiti. Alizunguka mara tatu, mara nne, akinitazama kila alipopita upande wangu. Simu ya dadangu ikalia, akaitazama. "Ni ile nyumba," akasema chinichini. "Wanataka kujua kuhusu kitanda. Dakika moja." Akatoka uani, akafunga mlango nyuma yake. Nilimwona dirishani akitembea kwenda langoni, mgongo umetuelekea.

Baba akasimamisha kigari. Akanyoosha mkono ng'ambo ya ubao, kwangu, mpaka kwenye mfuko wa eproni yangu. Humo kulikuwa na kitana. Nilikuwa nakibeba tu, tangu niache kazi, kwa mazoea, hakuna kichwa nilichokuwa nikikichana. Akakichomoa. Akakiweka mbali kabisa, kwenye barabara ya juu inayotoka nje ya mji uliochorwa. Halafu akashika kigari cha buluu, kilichokuwa kimeegeshwa kando ya kiberiti, akakiendesha. Alikiendesha kwa uangalifu wote, akapisha, akaingia, akatoka, akakipandisha barabara ile mpaka kikagusa meno ya kitana. Akakiacha hapo. Akarudi kwa chekundu, akakipeleka moja kwa moja kwenye kifuniko cha sufuria, akakisukuma mpaka kikalia dhidi ya bati. Akaondoa mkono. Akanitazama ili ajue kama nimeelewa.

Nilielewa. Hata mtu asiyejua kuendesha angeelewa.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Nilisikia hatua za dadangu kwenye kokoto, nikaona nyumba hii ilivyo bila kile kiti cha magurudumu, chumba hadi chumba, na mimi katikati na kitana mkononi nikiwa na miaka arobaini na mbili. Wateja wangu walishazoea mikono mingine. Hakuna mtu atakayeniuliza tena anasemaje. Niliogopa kama mtoto anavyoogopa. Nikachukua kitana nikakirudisha mfukoni. Nikarudisha cha buluu. Nikashika chekundu, mbele ya macho yake, nikakivuta kutoka kwenye kifuniko nikakiegesha ubavuni mwa kiberiti.

Dadangu akaingia. Akatazama ubao.

"Amesema anakaa," nikamwambia.

Baba akasema, "Zunguka." Akalirudia. Akalirudia mara nyingi, sauti ikipanda, mkono wake ukigonga ubao mpaka vigari vikaruka, na mate yakimtoka.

"Hiyo ni nini? Anataka nini?"

"Amefurahi. Anakushukuru umekuja."

Alinikumbatia. Alininong'oneza shingoni kwamba nimsamehe, alidhani najidanganya, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa namwona baba wakati wao wote wameshamzika. Alimbusu baba kwenye paji la uso, naye baba alikuwa amekwisha nyamaza, amegeuza uso upande wa ukuta. Kabla hajaondoka aliwapigia wale wa kitanda akiwa amesimama hapo mezani kwetu, akawaambia hapana, mzee ameamua mwenyewe.

Kesho yake saa kumi nilimsogeza langoni. Hakuomba, nilimpeleka tu. Watu walimpungia mkono, yeye akatazama magoti yake. Nikamwekea ubao asubuhi, mchana, siku iliyofuata tena, na mkono wake wa kushoto haukutoka kwenye paja. Nilimwambia tuko peke yetu, aniambie tena, nitasikiliza. Nilimwekea kifuniko cha sufuria mbele kabisa, nikamwekea na kitana juu yake. Nilipiga magoti. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtu wa benki nyuma ya kioo.

Hajatamka neno lile tangu siku hiyo. Inakaribia miezi miwili sasa. Mtaalamu wa miwani alikuja, akamulika macho yake, akasema huenda ni kiharusi kingine kidogo kilichopita kimyakimya, na mimi nikasema huenda. Kiu yake naikisia. Choo nakikisia, na mara nyingi nachelewa. Nimekwenda mara mbili mpaka kituo cha Karen nikautazama ukuta wa ile nyumba na maua yake, nikarudi. Kitanda kilipata mtu, wataita kikipatikana kingine, inatakiwa mtu wa familia aandikishe jina. Sijaliandikisha. Kila siku nasema kesho, na kila kesho nikimvua shati nikamwona mbavu nazidi kuogopa kuwa mwenye kosa mbele ya dadangu kuliko kuwa mwenye kosa mbele yake.

Dadangu hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Ananiuliza kama nimekula, kama mgongo bado unauma. Nami nina maneno yangu yote, ya lugha tatu, nimeyapanga tangu asubuhi. Baba huwa ameketi palepale kando yangu, anasikia kila kitu.

"Na baba anasemaje?" huuliza mwishoni.

Nami humjibu, "Anakusalimia."